Wana hawahesabiwi

Juzi nlikuwa Likoni nangoja feri, saa kumi na moja jioni, ile saa ambayo ukitaka kujikuna pua huwezi kuinua mkono bila kumtaka radhi mtu wa pembeni. Mbele yangu palikuwa na mzee wa kofia ya viua, kabanwa kama sisi sote, akawa anasema pole pole kama anaongea na maji: "Watu wamezidi. Siku hizi watu wazaa kama hawana kazi nyingine." Kijana wa mkokoteni akaitikia, kweli mzee, wanazaa sana. Mama mmoja mwenye beseni la mihogo naye akaguna. Mi pia nkatikisa kichwa, manake lile joto si la kubishania, na mahali wanapovuka watu zaidi ya laki tatu kwa siku ni rahisi mno kumuamini anayekwambia watu wamezidi.

Nlipofika ng'ambo nkawa nshajuta. Si kwamba watu si wengi, wengi tupo, mashallah. Ila ile sababu aliyotoa mzee ndo si kweli. Watu hawazai sana siku hizi, ukilinganisha na mama zake yeye mwenyewe. Na ushahidi nnao nyumbani kwetu, wacha nianze na huo kabla sijakupeleka mbali.

Agosti 2019, sensa. Usiku wa kuhesabiwa ulikuwa tarehe 24 lakini kwetu Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, karani alifika Jumatatu, baada ya alasiri, msichana wa mtaa wa pili tu hapo, na tableti yake mkononi kwa sababu ile ndo ilikuwa sensa ya kwanza Kenya kufanywa bila karatasi. Nyanya yangu alikuwa barazani, sinia la asumini mapajani, sindano na uzi, anatunga. Karani akapiga hodi, akaamkia, shikamoo nyanya, marahaba mwanangu, starehe. Maswali yakaanza na nyanya akayafurahia kweli kweli, manake ni nani tena huja kumuuliza bibi kizee mambo yake kwa adabu namna ile. Umezaliwa lini? "Mwaka wa vita vya Mtaliana." Karani akapiga hesabu akaandika 1940. Mwapika na nini, maji mwayapata wapi, mna redio, mna televisheni, mna kuku, mna mbuzi. Mbuzi! Kibokoni! Nyanya alicheka mpaka machozi.

Kisha karani akauliza, nyanya, umezaa watoto wangapi?

"Wana hawahesabiwi."

Aliyekulia pwani anaijua hiyo, na kwa kweli si pwani peke yake, hata bara wako wengi wenye mwiko huo huo. Ng'ombe ndo huhesabiwa. Ukihesabu wana ni kama wamuonyesha mtu mahali pa kuja kuchukua. Yule msichana hakushindana naye, alikuwa na akili, akageuza swali. Nyanya, walo hai ni wangapi? "Walo hai wane, alhamdulilahi." Na walotangulia?

Sindano ikasimama.

Hakutaja idadi. Aliwataja mmoja mmoja, kwa majina, kwa utaratibu kama anayeita watu waje kula. Wa kwanza hakufika siku arobaini. Wawili walikwenda kwa surua wiki moja, mvulana wa miaka minne na dadake wa miwili, wa pili kazikwa kabla hawajamaliza matanga ya mwenzake. Mmoja alichukuliwa na degedege, usiku, na daktari mbali. Mmoja kwa tumbo la kuendesha, mwaka ule wa mafuriko makubwa, yani 1961. Mi nlikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai na katika hao watano nlikuwa namjua mmoja tu kwa jina. Mamangu, ambaye ni dada yao, alikuwa anawajua watatu.

Karani akabonyeza 5. Wanne na watano, tisa.

Sasa fuata hesabu. Nyanya kazaa tisa, wakabaki wanne. Mamangu kazaa watano, na sisi watano wote tupo, wagonjwa wa simu tu. Dada yangu ana wawili na kasema duka limefungwa. Niambie nani hapo kazaa sana? Na Kenya nzima ndo hivyo hivyo. Mwisho wa miaka ya 70 mwanamke wa Kenya alikuwa anazaa watoto kama wanane kwa wastani, tukawa miongoni mwa nchi zilokua kwa kasi zaidi duniani, karibu asilimia 4 kwa mwaka, kasi ambayo watu wanakuwa mara mbili kabla mtoto hajatimiza miaka ishirini. Utafiti wa 2022 ulikuta wastani umeshuka hadi 3.4. Umeshuka kwa zaidi ya nusu katika umri wa mtu mmoja. Na bado shedi la feri limejaa. Kwa nini, ntafika hapo.

Kwanza nikupeleke Kilifi. Kule juu milimani, kama kilomita 15 kutoka baharini, kuna pango laitwa Panga ya Saidi. 2013 wachimbaji wa mambo ya kale waliona vipande vya mifupa, 2017 wakafika kwenye kaburi lenyewe, kishimo kifupi tu, na mifupa ilikuwa imelainika kiasi kwamba ukiigusa yawa unga, kwa hivyo wakalipaka plasta kaburi zima wakalibeba kama lilivyo mpaka makumbusho ya Nairobi, kisha Uhispania kwa vyombo vya kuchunguzia. Walipomaliza wakatangaza 2021: ni mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, alozikwa miaka 78,000 iliyopita, na katika Afrika yote hapana kaburi la mwanadamu la kale kuliko hilo linalojulikana. Wakampa jina la Mtoto. Hilo hilo tu, Mtoto, wazungu wote dunia nzima wakawa wanalitamka.

Kilichonikaa rohoni ni namna alivyolazwa. Ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani. Mifupa ya bega na mbavu ilionyesha mwili ulikuwa umefungwa kwa kitu fulani, majani au ngozi, yani sanda. Na kichwa kilikuwa kimeinama kwa namna ya mtu aliyelazwa juu ya mto, mto ukaoza, shingo ikashuka. Miaka 78,000! Mtu kamtafutia mtoto mto. Mi nlisoma habari hiyo kwenye simu nikiwa kazini bandarini (nafanya kliaringi, kutwa kazi yangu ni kuhesabu makontena) na nkafikiria wale watano wa nyanya.

Manake historia yote ya idadi ya watu, ukiivua nguo za kitaalamu, ni habari ya huyo mtoto. Kwa karibu muda wote ambao binadamu tumekuwepo, na mifupa ya Jebel Irhoud kule Moroko yasema ni kama miaka 300,000, takriban nusu ya watoto walokuwa wanazaliwa hawakufika utu uzima. Mama kazaa sita, saba, kazika nusu, na walobaki wengine wakafa kwa njaa au vita au uzazi wenyewe. Mume na mke wawili wakiacha wawili nyuma yao, dunia haisogei. Wakiacha wawili na chembe tu, yasogea kama konokono. Kwa hiyo uzazi mkubwa si jambo la leo, uzazi mkubwa ndo ulikuwa kawaida, ulikuwa unamwagwa kwenye gunia lenye tundu.

Miaka kama 12,000 iliyopita, kabla ya kilimo, dunia nzima wataalamu huikisia kuwa na watu milioni nne au tano. Nairobi kaunti sensa ya 2019 ilikuta milioni 4.4. Yani chukua watu wa Nairobi uwatawanye kutoka Cape hadi China na Marekani zote mbili, basi hiyo ndo dunia. Ungetembea mwezi bila kuamkiwa.

Kilimo kikabadilisha. Si kwamba watu walikula vizuri zaidi, mifupa ya wakulima wa mwanzo yaonyesha walikuwa wafupi na wenye meno mabovu kuliko wawindaji. Lakini ukikaa mahali pamoja huna haja ya kumbeba mtoto mgongoni kila siku, na ukiwa na nafaka una uji, na ukiwa na uji mtoto aweza kuachishwa ziwa mapema, na mama akishika mimba mapema watoto wanakaribiana. Uji ndo uliofanya hiyo kazi. Ila ng'ombe na panya na mavi ya mji nayo yakaleta maradhi yao, kwa hivyo wakazaliwa wengi zaidi na wakafa wengi zaidi, na ile tofauti ndogo iliyobaki katikati ndo ikatufikisha kama milioni 200 au 300 miaka elfu mbili iliyopita.

Halafu kulikuwa na kurudi nyuma, na hii watu wa bandari tunaijua kuliko wengine. Tauni iliingia Ulaya kwa meli 1347, ikatua Sicily, na kufikia 1351 theluthi moja ya watu wa Ulaya walikuwa wamekufa, wengine wasema nusu. Baada ya 1492 ndui na surua zikavuka bahari na kina Columbus na zikawamaliza wenyeji wa Marekani kuliko bunduki ilivyoweza. Hapa kwetu, Fort Jesus, ile ngome ya Wareno, ilizingirwa na Waomani kuanzia 1696, karibu miaka mitatu, na ndani ya ngome maradhi yaliua wengi kuliko mizinga, ilipoanguka Desemba 1698 wale walobaki hai ndani walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Na 1918 ile homa kubwa ya dunia iliingia Kenya kwa bandari hii hii yetu, ikapanda na reli kwenda bara. Kila kitu hupitia hapa, hata kifo kina stakabadhi.

Bilioni ya kwanza ikafika karibu 1804. Sasa nataka uangalie hii miaka vizuri, maana hapa ndo mambo. Bilioni ya kwanza ilichukua maisha yote ya binadamu. Ya pili, 1927: miaka 123. Ya tatu 1960: miaka 33, na nyanya yangu keshakuwa mama. Ya nne 1974. Ya tano 1987. Ya sita 1999. Ya saba 2011. Ya nane Umoja wa Mataifa uliitaja siku kabisa, 15 Novemba 2022, na nakumbuka nlikuwa kwenye foleni ya mahamri.

Kuna Mwingereza mmoja, Malthus, padri, aliandika 1798 kwamba watu wataongezeka upesi kuliko chakula na njaa itawarudisha chini. Hakuwa mjinga, ndivyo dunia aliyoijua ilivyokuwa. Lakini miaka miwili kabla yake, nchini kwake, daktari Jenner alikuwa ameshamchanja mtoto wa kwanza dhidi ya ndui kwa usaha wa maradhi ya ng'ombe. Lile tundu la gunia lilikuwa limeanza kushonwa na hapana aliyeliona.

Lilishonwa kwa vitu vidogo vidogo, na hiki ndo nnachopenda katika hadithi nzima. London 1854 daktari John Snow alifuata vifo vya kipindupindu nyumba kwa nyumba mpaka kwenye pampu moja ya maji, akawaomba waing'oe mkono. Fleming 1928 akaona ukungu kwenye sahani yake umeua vijidudu, ikaja penisilini. Na ile dawa ya kuharisha, jamani, sukari vijiko vidogo sita na chumvi nusu kijiko kwenye lita moja ya maji safi! Basi. 1971 daktari Dilip Mahalanabis aliitumia kwenye kambi za wakimbizi wa vita vya Bangladesh baada ya drip kumuishia, na vifo vikashuka. Sukari na chumvi. Nyumba yoyote ya Kibokoni 1961 ilikuwa na sukari na chumvi. Nyanya hakuambiwa kwa sababu hapana aliyekuwa anajua, na hilo sikuwahi kumwambia, ningemwambia vipi?

Ndui yenyewe ilikomea jirani. Mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Msomali, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali Merka, Oktoba 1977, mwambao huu huu wetu, siku chache za jahazi kwenda kaskazi. Akapona. 1980 wakatangaza maradhi yameondoka duniani kabisa.

Na chakula cha Malthus je? 1909 Mjerumani Fritz Haber alifaulu kutoa amonia kutoka kwenye hewa, hewa hii hii tunayovuta, na Carl Bosch akaifanya kuwa kiwanda, 1913. Hiyo ndo mbolea ya magunia. Wanasema karibu nusu ya watu walo hai leo wanakula kwa sababu ya hiyo mbolea, yani bila ya Haber huenda mimi au wewe mmoja wetu asingekuwepo. Huyo huyo Haber 1915 ndo aliyesimamia gesi ya klorini ikaua wanajeshi kwenye mahandaki. Mtu mmoja. Sina la kusema hapo.

Basi rudi kwa mzee wa feri. Kilichotokea Kenya kati ya nyanya na mamangu ni kwamba vifo vilishuka kwanza, uzazi ukachelewa kufuata. Chanjo ya surua ikaja, kliniki zikaja, lakini mama alokulia nyumba yenye makaburi matano hawezi kuamini siku moja kwamba watatu watatosha, anazaa na akiba. Akiba ile ikaishi. Ndo hapo watu wakajaa. Sensa ya 1948 ilikuta Wakenya milioni 5.4, ya 1979 milioni 15.3, ya 2019 milioni 47.6. Mombasa peke yake 1969 ilikuwa na watu 247,073, na 2019 ikawa 1,208,333, ingawa hapa usihesabu vitanda vya uzazi tu, mji huu tangu enzi watu wanakuja: Wahadhrami, Wabaluchi, Wahindi walioletwa kujenga reli kuanzia 1896, wabara wa bandarini, na Wamijikenda ambao wenyewe watakwambia wao hawakuja popote, mji ndo uliowafuata.

Mamangu alipoona wote watano wanakwenda shule na hapana hata mmoja anayekufa, akaenda kudungwa sindano ya miezi mitatu. Hakumuuliza mtu. Nyanya alipojua walinuniana wiki mbili. Dada yangu yeye ana kijiti mkononi na ukimuuliza kwa nini wawili atakutajia karo, kodi ya nyumba Kisauni na bei ya unga, kwa mpangilio huo. Ila mabinti wa ile akiba wako wengi, kila mmoja akizaa wawili watatu tu bado ni watoto wengi, kwa hivyo watu wataendelea kuongezeka muda mrefu hata uzazi ukishuka. Ni kama meli, injini ikizimwa haisimami hapo hapo, mtu yeyote wa Kilindini ajua.

Nje huko meli nyingine zishasimama. Korea Kusini 2023 wastani ulikuwa 0.72, hata mtoto mmoja kwa mwanamke haufiki. China ilianza kupungua 2022 na mwaka uliofuata India ikaipita. Japani, ukiwapanga watu wote kwa umri, mtu wa katikati ana karibu miaka 50, hapa kwetu ana kama 20. Afrika 1950 ilikuwa kama mtu mmoja katika kila kumi na mmoja duniani, na ifikapo 2050 itakuwa mmoja katika kila wanne. Umoja wa Mataifa wakisia tutafika bilioni 10.3 miaka ya 2080 kisha tuanze kushuka. Mtu anaponiambia watu wamezidi huwa nataka kumuuliza, wapi?

Na kuna hesabu nyingine, hii ndo nlitaka sana kumpa nyanya lakini alifariki kabla sijaijua. Wapo wataalamu walokisia watu wote walowahi kuzaliwa tangu mwanzo, wakapata kama bilioni 117. Ukiwatoa walo hai, kwa kila mmoja wetu kuna kama kumi na wanne nyuma yake. Sehemu kubwa yao ni watoto.

Siku ile ya sensa karani alipomaliza aliandika namba yake ya chaki juu ya mlango, akaaga. Nyanya akaendelea na asumini yake, kimya, nkadhani kasahau. Jua limeshaanza kuingia nyuma ya nyumba ndo akanita.

"Wale watano, kawaandika?"

Nkamwambia kawaandika, nyanya, lakini ni namba tu, kwenye ile mashine hapana mahali pa majina.

Akakata uzi kwa meno. Akaniambia nilete kitambaa cha maji nifute ile chaki mlangoni.

Nkamwambia karani kasema isifutwe.

"Futa."